Boriti Iliyolia Chini ya Gari

Kwi... tak.

Mama Chiriku alifumbua macho. Kulikuwa hakujapambazuka, na chumba kilijaa giza. Kitanda kililia, kama kinavyolia mtu akijigeuza. Lakini yeye hakujigeuza. Mumewe naye alikuwa amelala fofofo.

Kisha, nje ya ukuta, sauti ile ile ikajibu. Kwi... tak.

Nje hakukuwa na mtu. Lilikuwepo gari lao tu.

"Mama," mtoto akanong'ona kutoka mkekani. "Kitanda kimeita. Gari limeitika."

Mtoto huyo alikuwa na miaka sita. Walimpachika jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukutulia. Alfajiri hiyo hakuongeza neno. Hilo lilimtisha mama yake kuliko sauti yenyewe.

Wakati wa chai alimweleza mumewe, ambaye ni seremala. Baba Chiriku alicheka hadi chai ikampalia.

"Gari gani linaongea na kitanda, mke wangu?"

"Boriti ni moja, Baba Chiriku. Usisahau."

Ni kweli. Boriti hiyo ilitoka kwenye nyumba iliyohamwa zamani, na hakuna aliyejua kwa nini. Seremala aliitumia kutengeneza kitanda. Wiki mbili zilizopita, bushi za gari zilipochakaa, alikirudia kipande kilichobaki. Bushi ni mpira mdogo uliovikwa chuma. Hukaa pale mkono wa gurudumu unapoungana na gari.

"Mpira!" alisema siku ile. "Kitu laini hivi kitabeba gari?"

Akakereza bushi mbili za mbao, akaziloweka kwenye oili, akazigongomea ndani. Zilikaa kama pete na kidole. Akajisifu mtaa mzima.

Kila asubuhi alimpeleka Chiriku shule kwa gari hilo, kwenye mteremko unaopita kando ya shimo la machimbo ya mawe. Siku hiyo mama alipanda nao. Ukungu ulikuwa umejaa shimoni. Walipofika katikati ya mteremko, seremala alikanyaga breki. Usukani ukajipinda mikononi mwake. Polepole gari likaanza kwenda kushoto, kuelekea shimoni, kama vile kuna mtu chini kule analiita.

Seremala aliurudisha usukani kwa mikono miwili.

"Barabara mbovu hii," alisema. Lakini jasho lilikuwa likimtiririka.

Mama Chiriku alimshika mwanawe. "Tushushe. Mtoto hapandi tena humu mpaka wifi yangu aliangalie gari hili."

Wifi yake, dada wa seremala, alikuwa fundi wa magari. Alikuja mchana, ovaroli imelowa grisi.

"Wifi, umeniita nifukuze pepo? Mimi nafukuza kutu tu!"

"Fukuza utakachokikuta, wifi."

Fundi alilinyanyua gari kwa jeki, akaliweka juu ya stendi za chuma, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa. Akapitisha mtaimbo kwenye mkono wa gurudumu, akausukuma kidogo.

Kwi... tak.

Nywele zilimsimama Mama Chiriku. Kibanzi cheusi kikadondoka vumbini. Kikafuata kingine. Kisha gurudumu likageuka upande, lenyewe, bila kuguswa.

Fundi hakutania tena. "Kaka, nani kaweka mbao humu?"

Seremala aliinamisha kichwa. "Mti ule ni mgumu kuliko jiwe."

"Huo ugumu ndio ubaya wake. Mkono huu hupanda na kushuka siku nzima. Mpira hujisokota, kisha hurudi. Mbao haijui kujisokota. Husagika, hupasuka, gurudumu likaenda linakotaka. Baridi ikiingia, mbao husinyaa na kulia, kitandani na garini vilevile. Kitanda kikivunjika utaangukia sakafu. Gari je, kaka? Na mtoto yumo?"

Seremala aliokota kibanzi kimoja. "Na kama ningekata tairi kuukuu?"

"Halina kipimo, halina chuma chake ndani. Kaka, mimi nikitengeneza kiti, utakikalia?"

"Thubutu!" Hata yeye alicheka, ingawa macho yalikuwa na machozi.

Walinunua bushi za gari la aina hiyo, za kushoto na za kulia. Fundi hakuzigonga kwa nyundo. Alizisukuma kwa mashine ya kukandamiza. Bolti nazo hakuzikaza kabisa mpaka gari liliposhushwa chini.

"Ukikaza gari likiwa juu," alieleza, "mpira utabaki umejisokota, utachanika upesi. Acha gari lisimame kwa miguu yake, ndipo ukaze."

Mwisho magurudumu yalipimwa ili yakae sawa. Walipolijaribu kwenye mteremko, seremala alikanyaga breki. Usukani ulitulia. Mama Chiriku alichungulia shimoni. Lilikuwa shimo tu, lenye mawe.

Vibanzi vyeusi seremala aliviweka juu ya meza yake ya kazi. Mtu akimsifu sana, huvitazama kwanza.

Alfajiri iliyofuata baridi iliingia. Kwi... tak, kitanda kikalia.

Mama Chiriku alitega sikio ukutani. Akangoja. Akangoja tena.

Mkekani, Chiriku akasema kwa sauti:

"Leo gari halikuitika."