Sauti ya Mama Kwenye Flashi

Kila jioni Kananu alifungia kuku, akamwosha mdogo wake Mwongera miguu, kisha wakamngoja baba atoke kazini, kwenye kiwanda cha kahawa hapo Githongo. Zamani hayo yalifanywa na mama yao, Felicitas, kabla hajalazwa hospitalini Meru na kufia huko. Akiwa kitandani aliwatumia barua pepe, nyingine zikiwa na sauti yake.

Radi ilipounguza kompyuta ya baba, barua zote, zilizohifadhiwa humo tu, zilipotea. Ikabaki nakala aliyoiweka kwenye flashi. Jumamosi wakaipeleka kwa Rahema, mama yake Aaliyah, mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti.

"Huyu mdogo ameanza kusahau sauti ya mama yake," baba alisema. "Tafadhali, Mama Aaliyah, jaribu."

Rahema alijaribu kuzirejesha barua. Kazi ilifika katikati, ikakwama. Akabadilisha kompyuta. Ikakwama palepale.

"Nakala hii iligawanywa vipande," alisema. "Kimoja hakipo. Kuna mtu aliyefuta kitu hapa?"

Baba akamtazama Kananu.

"Hapana," Kananu akajibu, macho sakafuni.

Mwongera akamvuta sketi. "Mbona mama haongei?"

"Nyamaza, wewe."

Baba alijishika kichwa. "Basi ni mimi. Siku ya kuinakili nilikuwa nakimbilia hospitali. Labda nilichomoa flashi kabla haijamaliza. Nimewapotezea watoto mama yao mara ya pili."

"Pole, Baba Kananu," Rahema alisema. "Niisafishe basi, nifute vilivyomo, ikufae kwa kazi nyingine?"

Baba akaitikia kwa kichwa.

"Usiisafishe," Kananu alisema. "Ni mimi. Shangazi alinituma mjini Nkubu kuchapisha kile kijitabu cha mazishi. Flashi ilikuwa imejaa, picha za mama zikakataa kuingia. Nikafuta faili moja kubwa. Sikujua ni nini."

Rahema aliondoa mkono kwenye kipanya. "Tangu hapo umeweka kitu kingine?"

"Hapana. Niliogopa hata kuigusa."

"Afadhali. Faili ikifutwa hubaki humo mpaka nyingine iikalie. Picha zako zimeikalia sehemu tu."

Akafungua programu ya kutafuta faili zilizofutwa. Wakangoja mpaka adhana ya alasiri ikapita. Barua zilipofunguka, kadhaa zilikuwa tupu, na hizo hazikurudi kamwe. Lakini moja iliongea: "Kananu, umefungia kuku? Na Mwongera asilale na miguu michafu."

Mwongera akaitazama miguu yake.

Baba alilia bila kujificha. Alipotulia, akamgeukia binti yake.

"Ulifuta ukitaka picha za mama zionekane. Kwa hilo sikulaumu. Lakini uliponyamaza, nilikubali hata hiki kilichobaki kitupwe. Ukiharibu kitu, mwanangu, sema kungali na cha kuokoa."

Rahema alitengeneza nakala mbili, kila moja kwenye flashi yake. Moja akampa baba. Ya pili baba akaichukua, akaiweka mkononi mwa Kananu, akamfumba vidole.

"Hii utaitunza wewe," alisema.