Mkwaruzo wa Alasiri

Kisikizi kilipowashwa, sakafu ya ukumbi iligeuka bahari. Hayakuwa maji. Ilikuwa ramani ya nuru iliyotandazwa chini ya kioo, na juu yake vita vizima vilipita tena polepole, kwa sauti. Huku ulisikika mngurumo wa nyangumi-chuma, zile nyambizi zisizo na mtu ndani, na kule mvumo mwembamba wa merikebu pweke zilizojiendesha, zikalenga shabaha zenyewe na zikazama zenyewe. Mhandisi Somoe Namkuva alitembea juu ya kioo hicho bila viatu, kama mtu anayepita sebuleni penye watu waliolala.

Kisikizi hakikutega sikio majini. Kilisoma nyaya za kioo ambazo watu wa zamani walizilaza chini ya bahari ili zipitishe simu na habari. Kila kilichotikisa maji kilitikisa nuru ndani ya nyaya hizo, na vituo vya pwani vilihifadhi mtikisiko huo miaka nenda miaka rudi bila kujua vimehifadhi nini. Watu husema bahari haiweki kumbukumbu. Kumbe iliweka, tena kuliko serikali.

Vita vya Kina vilizuka kwa ajili ya madini yaliyolala chini ya maji. Umoja wa Mashariki ulifunga njia za meli, na Mkataba wa Kusini, ambao Mtwara ilikuwa mojawapo ya bandari zake, ukajibu. Merikebu pweke zikamenyana kwa mamia mbali na macho ya watu. Kisha ukaja mzingiro, unga wa ngano ukaadimika, watu wa Mtwara wakarudia mihogo yao na kujifanya hawakuwahi kuiacha. Mwishowe pande zote mbili ziliishiwa na vyombo, zikatia saini, zikapeana mikono. Viongozi wakajisifu kwamba hivyo vilikuwa vita visivyo na damu, vya chuma kwa chuma, na watoto wakafundishwa hivyo shuleni. Pale bandarini ikasimamishwa propela kubwa iliyong'arishwa, ndiyo kumbukumbu ya mashujaa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Esha, dada yake Somoe, hakuwahi kuipita propela ile bila kugeuza uso. Mumewe, Hamdani, aliondoka vita vikiwa vimepamba moto. Alisema amepata kazi ya ufundi na kwamba amekatazwa kueleza ni wapi. Salamu zake zilikuja miezi michache, kisha zikakatika. Kila ofisi aliyoiendea Esha ilimjibu kwa upole uleule: hakuna mtu aliyepelekwa baharini, basi hakuna mtu aliyepotea baharini. Kadhi wa jiji alikuwa tayari kumfungua katika ndoa ile, kwa kuwa mume ametoweka miaka, lakini Esha alikataa. Hakuwa mke wala mjane. Kila Ijumaa alimuuliza mdogo wake swali moja tu.

"Umemsikia?"

"Bado, dada."

Siku aliyomsikia, Somoe hakujua kwanza kwamba ni yeye. Alisikia mkwaruzo, chuma juu ya chuma, kutoka chombo kikubwa kilichosimama katikati ya bahari. Roboti hukwaruza kwa mwendo mmoja tangu asubuhi hadi jioni. Mkwaruzo huu ulikwenda mbio, ukachoka, ukapumzika, ukaanza tena kwa kishindo kama mtu aliyetaniwa na wenzake kwamba ni mvivu. Tena ulikuwa ukisimama. Somoe alilinganisha saa ambazo mkwaruzo ulisimama na jua la mahali pale. Alfajiri ulikuwa kimya kidogo. Adhuhuri, kimya. Alasiri, magharibi, isha. Tangu lini mashine ikasali?

Hapo akaelewa. Merikebu pweke zilipokaa majini ziliota vijikome tumboni, vigumu kama saruji, na kati ya mapanga ya propela hapakuwa na mkono wa roboti ulioweza kupenya. Ulipenya mkono wa mtu. Basi vita visivyo na watu viliwekewa karakana inayoelea, na ndani yake watu wa kukwaruza. Ndiyo kazi ya ufundi ambayo Hamdani alikatazwa kueleza ni wapi.

Aliufuata mkwaruzo ule siku baada ya siku mpaka ulipokatika. Pande zote mbili zilikuwa zimekubaliana kwamba mashine zisipige chombo chenye watu, na kila chombo cha namna hiyo kilipaswa kutoa mwito wa uhai, mlio usiokoma chini ya maji. Karakana ile haikutoa mlio wowote. Mwito wake ulikuwa umezimwa na wakubwa wake wenyewe, maana wangewezaje kutangaza watu ambao walikwisha apa kwamba hawapo? Merikebu pweke ya adui iliizunguka, ikasikiliza, haikusikia mwito, ikapiga. Haikuvunja makubaliano hata chembe.

Somoe aliitazama tarehe ya pigo lile. Ilikuwa wiki tatu kabla ya harusi yake mwenyewe. Alimkumbuka Esha siku ile, hina mpaka viwikoni, manukato, kanga mpya, akicheza ngoma mpaka jasho likamlowesha, akipiga vigelegele kuwashinda mashangazi wote. Nani angejua kama angeisogeza tarehe mbele kidogo, iwe baada ya harusi? Kisikizi kilikuwa mikononi mwake. Alikaa na wazo hilo mchana kutwa, akalionea haya, akaenda kumwambia dada yake ukweli wote.

Esha hakulia. Alijifunga mtandio, wakaenda pamoja kwa Kadhi, Sheikh Muhidini, mzee mtaratibu aliyependa kumaliza chai yake kabla ya kujibu.

"Nataka kuanza eda yangu, Sheikh," Esha alisema. "Miezi minne na siku kumi. Nieleze nianze lini."

Sheikh aliuliza tarehe. Somoe akaitaja. Mzee alikiweka kikombe chini chai ikiwa nusu.

"Mwanangu, eda ya mjane huhesabiwa tangu siku mume alipofariki, hata kama habari hazijamfikia. Yako imekwisha zamani. Huna eda. Uko huru."

"Imekwisha?" Esha alimgeukia mdogo wake. "Imekwisha nikiwa wapi? Nilikuwa kwako nacheza, Somoe. Nilijitia manukato!"

"Hukujua, dada. Huna dhambi."

"Sisemi dhambi. Nasema wameninyang'anya. Mume wamenichukulia, nikanyamaza. Na kumlilia pia?"

Somoe alilia yeye. Sheikh Muhidini alikisogeza kikombe kando.

"Eda ina tarehe, na mimi siwezi kuibadili," alisema mwishowe. "Lakini machozi hayana tarehe. Kaeni siku moja, mumsomee, mlie. Muda umepita, lakini mtu hakuzikwa. Mwenye kuuliza, mleteni kwangu."

Redio ya kusini ilitangaza matanga ya Hamdani Issa, aliyefia baharini vitani. Mtangazaji alisita kwenye neno "vitani", akarudia tena ili isidhaniwe amekosea. Siku ilipofika, Esha alitandika mikeka ya kuwatosha majirani na ndugu. Hata kabla ya adhuhuri mikeka ilikuwa imejaa wanawake ambao hakuna aliyewajua. Walitoka Lindi, walitoka Kilwa, walitoka Masasi, kila mmoja na mume au mwana aliyepata kazi ya ufundi na kukatazwa kueleza ni wapi. Ikaazimwa mikeka ya msikitini, nayo haikutosha, waliobaki wakakaa mchangani.

"Mdogo wangu anayo sauti yao," Esha aliwaambia. "Mnataka kuisikia?"

Somoe aliweka kisikizi kidogo cha mkononi katikati yao, akafungulia siku ile ya mwisho. Mkwaruzo ukajaa uani. Mwanzoni walisikiliza kwa hofu, kisha mmoja akasema, "Huyo wa haraka haraka ni wangu, hana subira hata ya kula," na mwingine akacheka huku analia. Kila mmoja akamtambua wake, na nani angewabishia?

Kisha mkwaruzo ukasimama.

"Alasiri," alinong'ona Esha.

Siku ile haukusimama wote. Mkono mmoja uliendelea, taratibu, peke yake. Mama wa Masasi mwenye rozari shingoni alishika mdomo.

"Huyo ni Klementi wangu. Wenzake wamekwenda kusali, yeye anawamalizia kazi."

Somoe aliweka kidole kwenye kitufe. Pale uani ni yeye peke yake aliyejua pigo lingefuata dakika ipi, na kwamba lilikuwa karibu sana. Alimtazama dada yake. Esha alikuwa amefumba macho, uso umetulia kama ambavyo haukutulia miaka yote ile.

"Zima hapo," Esha alisema. "Waache wakisali."

Somoe akazima.