Sikio la Kushoto la Dufie

Soko la Kejetia lilikuwa limefurika Dufie alipopepesuka na kuiangukia meza ya Boadi, fundi simu. Gauni lake la kitenge cha manjano lilishika vumbi, kilemba kikamkaa upande.

"Dada, ukitaka kunikumbatia sema tu, usinivunjie vioo!"

"Samahani, kaka. Kizunguzungu tu."

"Basi kaa hapa, mrembo. Hicho kizunguzungu nakitengeneza bure."

Dufie akacheka, na mapenzi yakaanzia hapo. Mwaka mzima simu zao hazikupoa. Dufie aliiweka simu sikio la kulia, maana la kushoto lilikuwa likivuma, naye akidhani ni makelele ya soko.

Siku ya posa ukumbi ulijaa vicheko. Upande wa Boadi ulileta chupa za vinywaji, ambazo zikipokewa posa imekubaliwa. Kama ada ilivyo, baba yake Dufie, aliyeketi kushoto kwake, alimwuliza mara tatu: "Mwanangu, chupa hizi tuzipokee?" Dufie alikuwa akimtabasamia Boadi, hasikii kitu. Mara ya tatu nyumba ikamzunguka, akaziba mdomo na kukimbilia nje kutapika.

"Mwanangu anatapikiwa mbele za watu!" mama yake Boadi akafoka, huku akizikusanya chupa zake.

Usiku ule Dufie akampigia Boadi simu.

"Ungenikataa faraghani," Boadi akasema kabla hajajieleza. "Si kuniaibisha mbele ya wajomba zangu." Akakata, na hakupokea tena.

Baba mtu ndiye aliyeshtuka kwamba binti hakumsikia, akampeleka hospitali. Daktari wa masikio, mama asiye na mzaha, akampima: kushoto, hola.

"Sikio moja likififia peke yake hatubahatishi. Kapige picha ya kichwa, MRI."

Picha ikaonyesha uvimbe kwenye neva ya kusikia na ya kuupa mwili mizani.

"Si saratani," daktari akasema, "lakini unakua. Tukiutoa, sikio hilo ndio basi, na uso unaweza kupooza upande mmoja."

Siku ya upasuaji Boadi, habari zikiwa zimemfikia, aliingia wodini mbio, vifungo vya shati kombo, pete mkononi.

"Nisamehe, mpenzi. Uso ukipinda nitaupenda hivyo hivyo."

Dufie alikuwa bado anampenda, na ilimuuma.

"Nilipokuwa natapika kule nje, Boadi, nilikusubiri wewe."

"Nilidhani umenikataa."

"Kwamba naumwa, hukudhani?"

 Magurudumu ya kitanda yakasikika koridoni, na Dufie akamnyooshea mkono.

"Nishike mpaka wanichukue, naogopa. Ila pete iweke mfukoni. Nikitoka huko, na uso wowote ule, ndipo nitajua kama bado nakutaka."