Sekunde Nne za Fundi

Duka lilifurika watu mchana ule, na pakiti ya betri ilikuwa imebaki moja tu. Mikono miwili iliishika kwa pamoja. Mmoja ulikuwa wa binti anayepiga video za harusi, kavaa suruali ya mifuko mingi, miwani kaipandisha kichwani. Mwingine ulikuwa wa fundi wa friji aliyechomeka vijiti vya ngoma mfuko wa nyuma.

Binti alisema zake ni za kamera, kazi haisubiri. Fundi alisema zake ni za kinasa sauti, yeye na bendi yake wanarekodi albamu ya roki nyumbani kwa shangazi yake.

"Njoo nazo basi," alimwambia. "Utupige video, betri tuzitumie wote."

Akaenda kweli. Miezi miwili, kila Jumamosi, alijibana kwenye stoo ya shangazi iliyozungushiwa magodoro ukutani kuzuia kelele, jasho likimtiririka. Alinasa kila kitu: mwimbaji akisahau maneno aliyotunga mwenyewe, mpiga gitaa akigombana na nyaya, shangazi akigonga mlango kuuliza kama kuna aliyeumia. Katikati ya kelele hizo yeye na Fundi wakapendana. Fundi hakutulia, alipiga simu asubuhi, mchana na jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na hii ni simu ya tano, sijui unadhani nina matumbo mangapi."

Ukabaki wimbo mmoja wa kurekodi. Binti akawaonyesha filamu sebuleni kwa shangazi, dakika hamsini, watu wakacheka hadi machozi. Fundi hakucheka. Alikuwa akihesabu muda alioonekana yeye: sekunde nne tu, na mbili kati ya hizo ni kiwiko chake. Mwimbaji alionekana hadi akipiga miayo! Wivu ukampanda. Aliamini mtu hupiga picha anachokipenda, na yeye hakuwemo. Akaondoka bila kuaga, akawatumia wenzake ujumbe watafute mpiga ngoma mwingine.

Binti alipiga simu mara kumi na moja bila kujibiwa. Usingizi ukamkimbia. Siku ya tatu alimfuata karakana, akaweka kompyuta juu ya friji iliyolazwa ubavu.

"Tazama vipande nilivyovikata. Ukimaliza, niache ukitaka."

Kwenye kioo mwimbaji alionekana vizuri. Ngoma zikaanza, na picha ikateremka polepole hadi sakafuni, kwenye nyaya na ndala za shangazi. Jumamosi iliyofuata, vilevile. Nyingine ilikuwa dari, wimbo mzima.

"Mkono ulichoka?" Fundi aliuliza.

"Nimepiga harusi mia mbili, sijawahi kuangusha picha. Wewe ukianza kupiga ngoma, natoa jicho kwenye kamera nikutazame. Nasahau kama nimeishika. Nimeharibu kazi yangu kwa ajili yako, halafu unaninunia."

Fundi aliona aibu, kisha furaha ikamjaa hadi akakosa pa kuweka mikono yake yenye grisi. Alimwomba msamaha, akaahidi Jumamosi atakuwa stoo kabla ya wenzake wote. Binti alifuta machozi kwa kiganja, bado kanuna kidogo.

"Kwa hali hii," Fundi alisema taratibu, "siku ya harusi yetu itabidi tukodi mpiga video mwingine."

Habari ya harusi yao wenyewe hawakuwahi kuitamka. Binti alifunga kompyuta, akamtazama.

"Tumkodi mapema," alisema. "Wazuri huwahiwa."