Kamera Inayomjua Halkano

Ijumaa, saa tano asubuhi.

Shamsudin alichora mpango kwa kidole, juu ya meza iliyomwagikiwa chai, nyuma ya duka la magurudumu mjini Garsen. Bushra mpiga picha hufunga studio wakati wa swala. Shamsudin angevunja dirisha, Halkano angelinda mlango, Buya angengoja mtoni na mtumbwi. Kamera asiguse mtu mwingine.

Walichofuata ni picha moja tu. Wiki iliyopita Bushra alikuwa akipiga picha za msafara wa harusi, na nyuma ya bibi harusi akaonekana Shamsudin akipakia ng'ombe wa wizi kwenye lori. Uso mzima. Kwa wizi huo polisi walikuwa wameshamfungia mtu mwingine: Diba, mchungaji, kaka yake Halkano.

Shamsudin aliahidi kumtafutia Diba wakili. Halkano aliitikia kwa kichwa. Moyoni alimchukia mpaka mate yakamkauka, lakini nani angeliamini neno la mwizi kama yeye bila picha?

Jana yake alikuwa amekwenda kwa Bushra kumweleza kuwa Shamsudin anaijia kamera, na kuiomba ile picha. Bushra alikataa, akihofia studio yake itatiwa moto. Kisha, bila kumtazama usoni, akachukua simu ya Halkano na kuiunganisha na kamera, bila waya wowote.

"Akiiwasha karibu nawe, itakurushia yenyewe," alisema. "Mimi nitakuwa nimeibiwa tu."

Saa saba na robo.

Msikiti umejaa, barabara tupu. Kioo kilipasuka. Shamsudin akatoka na kamera ndani ya kikoi, wakashuka mtoni mbio.

Mtumbwi ulipofika katikati ya Tana, Buya aliacha kasia.

"Tupa hiyo kitu majini, twende zetu."

Halkano alikitazama kile kikoi. Ikitupwa, Diba ameozea jela.

"Nitupe mali?" Shamsudin alicheka. Bahili yule. Alitaka kufuta picha tu, kamera akaiuze Malindi. Akaiwasha.

Simu ilitetemeka kwenye paja la Halkano.

Alihesabu pumzi zake, kisha akaitoa kama mtu anayetazama saa. Harusi, harusi, watoto, lori. Akaituma ile ya lori kwa dada yao Batula, aliyekuwa amesimama mbele ya kituo cha polisi tangu asubuhi. Mtandao ukasuasua. Picha ikakwama, duara likizunguka, likizunguka.

Shamsudin alikuwa bado anatafuta kitufe cha kufutia. Akainamia kioo cha kamera, akasoma polepole.

"Picha zimetumwa kwa Halkano." Akainua uso. "Mbona hii inakujua jina?"

Kisu kilitoka. Buya akajibana nyuma ya mtumbwi.

"Lete simu."

Halkano alitazama duara. Bado. Basi akaanza kukiri, tena kwa kituo, neno moja moja: alivyokwenda studio, alivyobisha hodi, alivyokaribishwa kiti. Bushra hakumtaja kwa ubaya. Alisema yeye mwenyewe ndiye aliyemlazimisha Bushra.

Shamsudin hakungoja mwisho. Kisu kikaingia chini ya mbavu. Halkano akaanguka magotini, mkono wa kushoto ameuinua juu na simu, damu ikichuruzika ndani ya mtumbwi. Aliogopa, aliogopa sana, na hakuushusha.

Duara likaisha. Tiki moja. Tiki mbili.

Ndipo alipoushusha.

"Chukua sasa," alimwambia Shamsudin, akampa simu.

Buya alishika kasia na kuugeuza mtumbwi kuelekea Garsen, bila kuambiwa na mtu.