Picha ya Bosi Ukingoni mwa Bwawa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku aliokota mayai ya bata kando ya bwawa dogo nyuma ya nyumba yao. Chiriku halikuwa jina lake hasa, ila mdomo wake haukujua kupumzika, basi jina likamganda. Wiki ile aliokota maganda matupu tu. Mama yake, mshonaji asiyependa mzaha, alipomkuta mbwa wao Bosi na ganda limemnata puani, hukumu ilitoka palepale: Jumapili Bosi angepelekwa kwa mlinzi wa kiwanda cha mbao, na asingerudi.

Chiriku alilia mpaka macho yakavimba. Alikuwa amemlea mbwa yule kwa mikono yake tangu akiwa hajafumbua macho. Mjomba wake, mfanyakazi wa hifadhi ya wanyama, akamwonea huruma, akamwazima kamera ndogo inayopiga picha yenyewe kila kitu kinapopita mbele yake.

Siku ya kwanza kamera, aliyoitega karibu na kiota cha bata, ilipiga nyasi. Nyasi zimeinama kushoto, nyasi zimeinama kulia, basi. Kaka yake alicheka hadi akashika mbavu, akatangaza kwamba mwizi amepatikana, naye ni upepo. Chiriku akarudi bwawani. Alizifyeka nyasi, akaishusha kamera hadi usawa wa goti, akaigeuza isitazamane na jua.

Jumamosi yeye na rafiki yake, binti wa jirani, walizifungua picha kwenye simu ya mama. Loo, kumbe bwawa lina wageni! Mdiria, yule ndege mvuvi, amebana samaki, chura kakaa juu ya jiwe kama mwenye nyumba. Kisha ikaja picha iliyomkata maini: Bosi, meno nje, amesimama juu ya kiota.

"Ifute," rafiki yake akanong'ona. "Nani atajua?"

Kidole kilitangulia, moyo ukakizuia. Chiriku alimpenda Bosi kupita kiasi, lakini alijua mama atamwuliza kamera imeona nini, naye hataweza kumtazama usoni. Akafuta machozi badala ya picha, akaenda barazani alikokaa mama na mjomba.

"Mama, tazama zote," alisema. "Na hii pia."

Mama alitazama, akaguna. Mjomba aliichukua simu, akaikuza picha taratibu mpaka pembeni kabisa, mahali ambapo wasichana hawakutupa jicho. Hapo palikuwa na kenge mnene, nusu mwili ndani ya maji, yai limejaa mdomoni! Bosi alikuwa akimfukuza mwizi. Lile ganda la puani lilikuwa la kunusanusa tu, mambo ya mbwa.

Chiriku alipiga vigelegele, akamkumbatia Bosi wakabiringika wote uani. Kabla ya jua kuzama, kiota kilikuwa kimezungushiwa wavu imara, na asubuhi mayai yote yalikuwa mazima.

Mama alimkatia Bosi kipande kikubwa cha nyama, kisha akamgeukia binti yake.

"Mwanangu, ungeifuta picha ile, ungemfukuza Bosi kwa mkono wako mwenyewe. Usiufiche ukweli kwa sababu unakutisha. Huenda ndio utakaokutetea. Na mimi nimejifunza: nitazame kwanza, ndipo nihukumu."