Jiwe Lililong'arishwa

Maiti ilikuwa imelala juu ya mizani, na mizani ilikuwa bado inasoma: kilo tisini nukta sita.

Inspekta Chiku alisimama kando ya bamba la chuma akizitazama zile tarakimu nyekundu. Ilikuwa saa moja ya asubuhi, La Rochelle, mtaa wa Johannesburg, ndani ya kiwanja cha kununulia vyuma chakavu. Mwanamume alilala kifudifudi, kisogo kimepasuka. Pembeni yake, juu ya bamba hilohilo, kulikuwa na gunia la nyaya za shaba na kisanduku cha mbao chenye mpini wa ngozi.

"Eish, Chiku, hii ni nyepesi," alisema Kapteni Radebe, mkuu wake. "Mwizi wa nyaya. Kaingia kwenye ua, kateleza, kapasuka kichwa. Funga jalada tukanywe chai."

"Nani kamtambua?"

"Mlinzi. Anasema marehemu anaitwa Ezéchiel, Mkongomani, fundi wa mizani. Ni watu wako hao, mjulishe mke."

Watu wako! Mama yake Chiku alitoka Tanga, baba yake alikuwa Mvenda wa Afrika Kusini, naye alizaliwa hapahapa jijini, Hillbrow. Lakini kwa sababu alijua Kiswahili, kila aliyekufa kwa Kiswahili mjini Johannesburg aliletwa mezani kwake, na kila jalada aliambiwa alifunge upesi. Alikuwa amechoka kufunga.

"Hii mizani haizimwi?" alimuuliza mlinzi.

"Haizimwi. Umeme ukikatika inapoteza hesabu, kwa hiyo tuliiwekea betri. Tena kila mzigo ukitulia inachapa kikaratasi."

Chiku aliinama kwenye mashine ndogo iliyobanwa ukutani. Ulimi wa karatasi ulikuwa umening'inia. Alivaa glavu, akauchana, akausoma mara mbili.

"Kapteni, njoo uone. Saa kumi na mbili kasoro dakika nane jioni, kilo sitini na nane nukta nne. Saa kumi na mbili kasoro tano, kilo tisini nukta sita."

"Basi?"

"Basi mtu ndiye aliyetangulia kupanda. Gunia likafuata dakika tatu baadaye. Mwizi gani huyo anayekufa kwanza, kisha anainuka kwenda kuchukua mzigo wake?"

Kapteni Radebe alikohoa. Chai ikaahirishwa.

*

Victorine, mke wa marehemu, hakulia mbele ya polisi. Aliketi wima kitandani, katika chumba cha kupanga kilichokuwa na viti kumi vya plastiki vya kuazima. Vyote vilikuwa vitupu.

"Ni ya matanga," alisema. "Hakuna mutu anakuya. Nani analilia mwizi? Hata watoto kwa masomo wanamuambia Benita wangu, eti baba yako aliiba shaba. Bwana yangu haiko mwizi, Mama Inspekta. Juzi polisi moja alileta karatasi ya kusema alikufa akiiba, niweke saini. Mi nakatala. Hata mukinifunga, nakatala."

"Usisaini," alisema Chiku. "Karatasi hiyo hata mimi nimekataa kuisaini."

Alifungua kisanduku, ambacho wataalamu walikuwa wamekwisha kukipima alama za vidole na kukuta hakuna hata moja. Ndani, kila jiwe la mizani lilikaa katika tundu lake: gramu mia, mia mbili, nusu kilo, kilo moja, kilo mbili. Yote ya shaba ya manjano, yamefifia kama sarafu za zamani, isipokuwa moja.

Victorine alisimama ghafla. "Nani alifanya hivi?"

"Nini?"

"Ile ya kilo moja. Inang'aa!" Uso wake ulijaa hasira, wala hakujaribu kuificha. "Ezéchiel alikuwa anaishika na glavu. Anaipanguza na kitambaa kikavu, basi. Mi bibi yake, miaka kumi na mbili, sijaigusa na mukono. Jasho inaongeza uzito, kusugua kunapunguza. Mutu wa mizani hawezi kusugua jiwe, hata umuue."

Chiku alilitazama lile jiwe: huenda ndilo lililopasua kile kisogo, kisha likasafishwa. Muuaji alikuwa amelirudisha tunduni kwa sababu tundu tupu lingezua maswali. Kwa kuogopa pengo akaacha mng'ao.

"Siku ile alikuwa na kazi wapi?"

"Asubuhi kwa bucheri. Saa tisa kwa Arlène, ule wa nywele. Kisha sijui."

*

Mayfair, mtaa mwingine wa Johannesburg, karibu na msikiti, Mzee Seif alikuwa sonara tangu Chiku hajazaliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Leo umeniletea pete ya uchumba au taabu?"

"Taabu."

"Ningeshangaa kama ungeleta pete."

Alililaza jiwe juu ya mizani yake ya dhahabu, akashusha mlango wa kioo ili pumzi zao zisiisumbue, akasubiri.

"Cheti cha kisandukuni kinasemaje?"

"Mwezi uliopita lilikuwa gramu elfu moja kamili."

"Leo ni mia tisa tisini na tisa nukta nane. Ingekuwa dhahabu, tungeshapigana." Alivaa kioo chake cha jichoni, akalitazama shingoni, mahali kishikio kinapoungana na mwili. Utani ukamtoka. "Chiku. Kuna uji mweupe humu, dawa ya kung'arishia shaba. Na chini yake kuna kitu cheusi kilichoganda. Mimi sitaki kukigusa."

Maabara ilikigusa kwa niaba yao. Ilikuwa damu, na damu ilikuwa ya Ezéchiel.

*

Arlène aliuza nywele za kusukia kwa gramu. Mizani yake ndogo ilikaa katikati ya vitana, na ubavuni ilikuwa na lakiri ya risasi, muhuri wa kuthibitisha kipimo, yenye chapa ya Ezéchiel.

"Aliondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Mligombana?"

"Kidogo. Mizani yangu ilikuwa inanisaidia." Arlène aliinamisha macho. "Gramu tatu, nne. Akasema, irekebishwe ama nisipate lakiri. Nikamutukana. Akacheka, akarekebisha."

"Akaenda wapi?"

"Kwa Directeur. Damien, ule mukubwa wa kituo cha kulisha batoto. Ni nyuma tu ya kiwanja cha vyuma."

"Nyuma, mbali?"

"Hapana. Ni wavu wa waya tu katikati, tena iko na tundu."

*

Kituo kilikuwa kisafi. Ukutani kulikuwa na mchoro wa uzito wa watoto thelathini na mmoja, mistari yote ikipanda. Damien alikuwa amevaa tai. Kengele ya mezani kwake ilikuwa ya shaba, na kitasa cha mlango, na kibao cha jina lake. Vyote vilimetameta.

"Karibu, Mama Inspekta. Tumeumia sana kwa Papa Ezéchiel. Lakini mwizi ni mwizi."

"Alifika hapa siku ile?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hapana, nimesema."

"Unang'arisha mwenyewe vitu vyako?"

"Kila asubuhi." Alitabasamu. "Ni desturi yangu."

Chiku alichukua kisanduku alichokuja nacho. Alikwenda kwenye mizani ya watoto, ile yenye sahani ya plastiki ya bluu, akaitazama ubavuni. Haikuwa na lakiri. Ikiwa tupu ilisoma sifuri. Alifungua kisanduku cha marehemu, akavaa glavu, akalishika jiwe la kilo mbili kama alivyofundishwa na mjane, akaliweka taratibu.

Kilo mbili nukta tatu.

"Damien, hili jiwe ni la kilo mbili. Limenenepa lini?"

Damien alikaza tai.

"Mtoto wa kilo tano mizani hii inampa karibu sita. Nani aliibadilisha?"

"Mashine zinaharibika."

"Jiwe la kilo moja tumeliona. Ulilisugua vizuri, lakini shingoni hukufika. Damu yake imebaki mle na dawa yako imo juu yake. Kuna vijana wangu nje wanalitazama toroli lako la unga. Una haki ya kunyamaza. Ukitaka kuzungumza, zungumza sasa, kwa sababu mama wa watoto hawa watakapojua, mimi sitasimama mlangoni kukukinga."

Damien alilegeza tai. Alipoketi, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kengele, ukaipangusa alama ya kidole.

"Nilimwomba," alisema. "Weka lakiri, Papa, wafadhili wanakuja Alhamisi. Wanataka kuona mistari inapanda. Akasema mizani ya uongo haipati lakiri yake. Akasema ataenda kuwaambia mama zao mlango kwa mlango. Akageuka kufunga kisanduku. Lile jiwe lilikuwa bado mezani."

"Ukamvusha kwa toroli kupitia tundu la wavu, ukamwekea shaba."

"Nilijua mtaamini. Mkongomani na shaba, nani atauliza?"

Maneno hayo yalimchoma Chiku, kwa kuwa yalikuwa karibu kuwa kweli.

"Watoto hawanenepi. Ungeomba chakula zaidi. Ungeomba daktari."

"Niseme nimeshindwa?" Kwa mara ya kwanza alipaza sauti. "Unajua nyumbani nilikuwa nani? Mfagia kanisa! Nilikuwa ninang'arisha vinara vya altare ili wakubwa wapite. Hapa wananiita Directeur. Miaka sita! Na fundi wa mizani anakuja kunivua jina mbele ya wanawake?"

"Kwa hiyo ukamvua yeye la kwake," alisema Chiku. "Simama."

*

Alhamisi wafadhili hawakuja. Waliokuja kituoni ni mama thelathini na mmoja, watoto mgongoni, wengine wamepita kwanza kwa Victorine kukaa matanga na kuja naye. Kule viti kumi havikutosha, Arlène akaleta vya saluni.

Kapteni Radebe alifika na karatasi mpya. Iliandikwa mauaji, na jina la marehemu halikuwa na neno mwizi popote. Victorine aliisoma mwanzo hadi mwisho, akaisoma tena, ndipo akatia saini.

Kisha akavaa glavu za mumewe. Zilimpwaya. Arlène alimsaidia kufungua tumbo la mizani ya watoto, na Victorine akageuza skrubu kidogo kidogo, kama alivyomwona Ezéchiel akifanya miaka kumi na mbili, mpaka jiwe la kilo mbili likasoma kilo mbili, bila kuzidi.

Mtoto wa kwanza alilazwa. Wiki iliyopita kadi yake ilisema kilo sita nukta mbili. Mizani ilisoma tano nukta nne.

Mama yake akaanza kulia. "Amekonda?"

"Hajakonda," alisema Victorine. "Alikuwa hivi. Walikudanganya. Leo tumejua, sasa atakula. Andika, Mama Inspekta, tano nukta nne. Mwingine aje."

Chiku akachukua kalamu, akaandika.